Kivuli cha Kisichoonekana

Watengenezaji wa gemu za kompyuta wana uwezo ambao wanafalsafa wa kale wangeuonea wivu: wanaweza kukifuta kitu kisionekane kabisa, kisha wakakiacha kivuli chake kikitambaa sakafuni kama kawaida. Hakuna ujanja mkubwa unaohitajika. Katika injini ya Unity, kila kitu chenye umbo kina mpangilio unaohusu utoaji wa vivuli, na mojawapo ya machaguo yake ni la vivuli peke yake: kitu hakichorwi, kivuli chake kinachorwa. Godot, injini inayogawiwa bure, ina chaguo hilohilo. Unreal Engine inafikia shabaha ileile kwa kisanduku kinachokiruhusu kitu kilichofichwa kiendelee kutoa kivuli. Fundi anabofya mara moja, na mbele yake panakuwa na doa jeusi lenye umbo la mtu, pasipo mtu. Madai yangu ni kwamba kisanduku hicho kidogo kinagusa mojawapo ya hoja kongwe za dini, ile inayoanzia kwenye athari inayoonekana na kuishia kwa asiyeonekana aliyeiacha. Na kwamba kinachosemwa hapo sicho ambacho mhubiri angetarajia kukisikia.

Kwanza tujue chaguo hilo liliwekwa kwa kazi gani, maana halikuwekwa kwa ajili ya mizimu. Gemu nyingi za mapigano na za kutisha huchezwa kwa jicho la mhusika mwenyewe: kamera imekaa pale kilipo kichwa chake, na mchezaji haoni ila mikono miwili iliyoshika tochi au bunduki. Mwili mzima ukichorwa, kamera itakuwa ndani ya fuvu, na mchezaji ataanza kuona meno yake kwa upande wa koo. Kwa hiyo mwili hufichwa. Lakini jua likiwa mgongoni, mikono miwili inayoelea hewani itatupa mbele kivuli cha mikono miwili inayoelea hewani, na uongo wote utafichuka. Dawa yake ni kuuweka mwili kamili mahali pake, kichwa, kiwiliwili na miguu, na kuuamuru utoe kivuli bila kuchorwa. Zipo kazi nyingine. Nyumba inayotazamwa kutoka juu huondolewa dari ili vyumba vyake vionekane, na dari iliyofichwa huachwa izuie jua lisimwagike sebuleni. Mti wenye majani elfu kadhaa ni mzigo kwa kompyuta, basi kivuli chake hutolewa na umbo rahisi lililofichwa ndani yake, gogo na mabonge matatu manne, na hakuna anayegundua. Jambo hili la mti tutalirudia.

Namna inavyofanyika ni wazi ukishaelezwa. Njia inayotumika zaidi ilielezwa na Lance Williams mwaka 1978, na kiini chake ni kwamba mandhari huchorwa mara mbili. Mara ya kwanza kompyuta inajiweka mahali pa taa, na haiandiki rangi, inaandika umbali: kila upande taa inakoelekea, kitu cha kwanza kukutana nacho kiko mbali kiasi gani. Mara ya pili inajiweka mahali pa kamera na kuchora picha atakayoiona mchezaji. Na kwa kila nukta ya picha inauliza kama nukta hiyo iko mbali na taa kuliko umbali ulioandikwa awali. Ikiwa iko mbali zaidi, kuna kitu katikati, na nukta inatiwa giza. Basi. Kuna watazamaji wawili, kamera na taa, na kila mmoja ana orodha yake ya vitu anavyotakiwa kuviona. Kukificha kitu huku ukikiachia kivuli ni kulifuta jina lake katika orodha ya kamera na kuliacha katika orodha ya taa. (Hesabu hizi zina makosa yake. Namba zikikosa usahihi, uso wa kitu hujitia kivuli wenyewe na kujaa michirizi. Na ukizisukuma mbali kupita kiasi ili kuiondoa michirizi hiyo, kivuli hubanduka miguuni pa mwenyewe. Mafundi wameipa kasoro hii ya mwisho jina la Peter Pan, yule mtoto wa tamthilia ya J. M. Barrie aliyepotewa na kivuli chake.)

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Tukiambiwa kitu hakionekani, sentensi haijakamilika. Haijasema hakionekani kwa nani. Mwili uliofichwa katika gemu haujatoweka. Data zake zote zipo, viungo vyake vinakunjika, na kwa upande wa taa umesimama palepale kama nguzo. Ni kamera tu iliyokatazwa kuutazama. Kivuli kinachoonekana sakafuni ni taarifa ya jicho la pili, jicho ambalo halikukatazwa. Hakuna kitu kilichovuka kutoka ulimwengu wa ghaibu. Kuna kitu cha kawaida kilichomo katika faili moja na meza na viti, kilichosajiliwa kwa mtazamaji mmoja na kufutwa kwa mwingine.

Katika ulimwengu wetu macho haya mawili hayatenganishwi, na kuna jaribio rahisi la kulithibitisha hilo. Mtu asimame ndani ya kivuli na aielekee taa. Kivuli kikiwa cha kweli, taa hataiona, au ataiona imekatwa kipande, na kile kinachoifunika atakiona kama weusi wenye mpaka. Mwanga uliozuiwa usifike ukutani umezuiwa pia usimfikie mtazamaji aliyesimama mbele ya ukuta. Katika gemu, mchezaji akiingia ndani ya kile kivuli kisicho na mwenyewe na kuinua macho, analiona jua zima, halina kizuizi. Yuko gizani huku anatazamana na chanzo cha mwanga. Huo ndio mkanganyiko halisi wa kisanduku kile, na ni mkanganyiko wa hesabu mbili zilizoachwa zipingane, basi.

Mwenye kujua fizikia atapinga mara moja. Atasema vitu visivyoonekana hutoa vivuli hata duniani: washa mshumaa mbele ya ukuta mweupe, uumulike kwa taa kali iliyo mbali, na juu ya utambi utaona ukutani vivuli vya mawimbi yanayopanda, vivuli vya hewa ya moto ambayo jicho halikuwa likiiona. Robert Hooke aliliandika jambo hili katika karne ya 17, na karne ya 19 August Toepler aliligeuza kuwa chombo cha maabara, ambacho vizazi vyake bado vinatumika kutazama upepo unavyozunguka bawa la ndege. Pingamizi ni zuri, lakini linaimarisha hoja. Hewa ya moto haizuii mwanga, inaupinda. Unaokosekana hapa umeangukia pale. Na ukisimama penye kivuli hicho na kuitazama taa kupitia hewa ile, utaiona inayumba, kama lami inavyometameta mchana wa jua kali. Jaribio linasimama. Kilichotoa kivuli kimefanya jambo kwa mwanga, na kilichofanya jambo kwa mwanga kinaweza kuonekana na atakayejua pa kusimama.

Sasa tuje kwenye hoja ya kidini. Dalili ya mvua ni mawingu, husema wahenga, na wanazuoni wa dini nyingi wameujenga mlango mkubwa juu ya msingi huo. Mtume Paulo, katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi, anashikilia kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kupitia vilivyoumbwa. Wanazuoni wa kalam, yaani theolojia ya Kiislamu, walianzia na ulimwengu ulio na mwanzo wakafikia Mwanzishi wake. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alisema waziwazi kwamba kuwako kwa Mungu kunathibitishwa kwa kuanzia na athari kurudi kwenye sababu. Kwa mtu aliyezoea mawazo haya, kisanduku cha injini ya gemu ni zawadi iliyofungwa kwa utepe: tazama, atasema, kivuli kipo na mwenyewe haonekani, na ni mpumbavu peke yake atakayesema hakuna mtu pale.

Na kweli, kwa vitu vingi atakuwa na haki. Sayari ya Neptune ilijulikana kwa athari kabla ya kuonwa na mtu aliyejua anaangalia nini: Uranus ilikuwa ikienda kombo, Urbain Le Verrier wa Paris akakokotoa mahali panapopaswa kuwa na kitu kinachoivuta, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle, akiwa Berlin, akaikuta ndani ya digrii moja ya pale alipoambiwa. Mwaka 1999 wanaanga waliona mwanga wa nyota iitwayo HD 209458 ukipungua kwa chini ya asilimia mbili kila baada ya siku tatu na nusu hivi, na hicho kilikuwa kivuli cha sayari ambayo hakuna darubini iliyoionyesha uso wake. Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa picha ya pete ya mwanga katika galaksi ya M87, na doa jeusi lililo katikati yake wanasayansi wenyewe wanaliita kivuli cha shimo jeusi. Anayekataa vitu hivi kwa sababu havishikiki anakataa sehemu kubwa ya elimu iliyopatikana tangu Galileo alipotumia mwanga na kivuli kupima urefu wa milima ya mwezini.

Lakini tazama ni vitu vya aina gani. Sayari, shimo jeusi, hewa ya moto: kila kimoja kimo ndani ya mandhari. Kina mahali, kina ukubwa, kinavuta au kinazuia au kinapinda, na kingeweza kukutwa na mtu aliyesimama penginepo. Hoja ya kivuli ina nguvu kwa sababu inadhani kwamba kilichofichika ni cha jinsi moja na kinachoonekana, kimefutwa tu katika orodha ya mtazamaji mmoja. Ndiyo maana inafaa mno kwa sayari, na ingewafaa majini, kama wapo, maana majini katika mafundisho ya Kiislamu ni viumbe kama sisi, wameumbwa, wanazaliana, nasi tumenyimwa kuwaona tu. Kwa Mungu haifai. Mungu anayethibitishwa kama mwili wa mchezaji unavyothibitishwa na kivuli chake ni Mungu aliyemo katika faili, kitu kimoja zaidi kati ya vitu, kikubwa kuliko vyote labda, lakini kinachohesabika navyo. Uislamu unaoshikilia kwamba hakuna kitu mfano wake, na Ukristo wa Aquinas unaokataa kumweka Mungu katika jinsi yoyote ya viumbe, vimekwisha kuukana mwisho huo kabla hoja haijaanza.

Nitajibiwa kwamba Aquinas hakuwa mjinga, naye alisema kwamba athari isiyolingana na sababu yake inaonyesha kwamba sababu iko, haionyeshi ilivyo. Nakubali, na hapa ndipo mti wenye majani elfu unapofaa. Kivuli cha mti ule ni cha kweli kwa maana kwamba kuna kitu kinachokitoa. Lakini kitu hicho si mti unaoonekana, ni mabonge matatu yaliyofichwa ndani yake, na mchezaji anayetoka kwenye kivuli kwenda kwa mti amekosea ingawa mti uko palepale. Maumbo yasiyohesabika hutoa kivuli kimoja. Mikono miwili ikikunjwa vizuri mbele ya kibatari hutoa sungura. Mwanafalsafa David Hume alilisema jambo hili mwaka 1748 kwa ukali wake wa kawaida: usiipe sababu sifa zozote zaidi ya zile zinazotosha kuleta athari. Ukiiona kefa moja ya mizani imeinuka, unajua kwamba iliyo upande wa pili ni nzito zaidi. Hujui kama ni nzito mara mia. Ukitii kanuni hiyo kikamilifu, kivuli kitakupa kitu kilichozuia mwanga, na hakitakupa hata chembe ya rehema, hekima au umilele. Sifa hizo huwa zimeletwa kutoka kwingine na kupachikwa, kisha tunashangilia jinsi kivuli kilivyozithibitisha.

Tena kivuli chenyewe kinaweza kuwa hakina mwenyewe kabisa. Gemu nyingi za zamani hazikuwa na nguvu ya kukokotoa vivuli, zikaweka duara jeusi chini ya miguu ya kila mhusika, nalo likatosha. Kumpa mtu kivuli ni rahisi kuliko kukipa kivuli mtu. Le Verrier yuleyule aliyeshangiliwa kwa Neptune aliiona Mercury nayo ikienda kombo, na mwaka 1859 akatangaza kwamba lazima iko sayari nyingine karibu zaidi na jua. Ikapewa jina, Vulcan, na watu wakaitafuta kwa miongo, wengine wakadai wameiona. Haikuwako. Kombo lile dogo, sekunde 43 za digrii kwa karne, lilielezwa na Einstein mwaka 1915 bila kuongeza kitu chochote angani: sheria ya uvutano ndiyo iliyohitaji kuandikwa upya. Mtu yuleyule, njia ileile, hesabu makini zilezile. Mara ya kwanza kivuli kilikuwa na mwili, mara ya pili hakikuwa nao.

Kuna pingamizi ambalo vijana wanaokaa mbele ya kompyuta hulipenda kuliko yote. Watasema: umemsahau fundi. Kivuli kisicho na mwili hakiwezekani kwa kanuni za mwanga, kwa hiyo kikionekana kinathibitisha kwamba mtu wa nje ameingilia kati, na huo ndio muujiza. Hoja hii ina kosa linalojificha vizuri. Ndani ya gemu, kivuli cha kawaida cha meza ya kawaida kimekokotolewa na programu ileile, nukta kwa nukta, kwa kulinganisha umbali uleule. Hakimhitaji fundi kwa kiasi kidogo kuliko kile cha ajabu. Anayemwona fundi kwenye kioja peke yake amekiri bila kujua kwamba meza na kivuli chake zinajiendesha zenyewe, na Mungu wake ni mgeni anayebisha hodi mara chache. Mgeni huyo ana maisha magumu. Kila kioja kikipata maelezo, kama kombo la Mercury lilivyopata, anarudishwa mlangoni, na waumini wanaanza kutafuta kioja kingine cha kumhifadhia.

Lakini pingamizi lenye makali zaidi linatoka upande wa pili, na linatokana na matumizi yale ya kwanza niliyoyataja. Ni nani hasa huyu asiyeonekana ambaye kivuli chake kinatangulia mbele ya mchezaji? Ni mchezaji mwenyewe. Mwili ambao gemu hizi huuficha na kuuachia kivuli ni ule wa mwenye kutazama. Mwanafalsafa Ludwig Feuerbach, katika kitabu chake cha mwaka 1841 kuhusu kiini cha Ukristo, alifikia neno hilohilo kwa njia ndefu: binadamu huzitoa sifa zake bora, akili, mapenzi, haki, akazitupa mbele yake katika ukubwa usio na mpaka, kisha akapiga magoti mbele ya umbo hilo akidhani ni mwingine. Jicho haliko katika kile linachokiona. Basi anayetazama mbele akaona kivuli kikubwa cha asiyeonekana, chenye mabega na kichwa kama vyake, kinachosogea kila anaposogea, afanye busara ya kujishuku kwanza.

Sioni namna ya kulifuta pingamizi hili, na sidhani linastahili kufutwa. Sehemu kubwa ya yale tunayomsingizia Mungu, hasira zetu, ukoo wetu, mipaka ya nchi zetu, ina mabega yetu kabisa. Ila Feuerbach aliiacha nusu ya hesabu. Kivuli changu si kazi yangu peke yangu. Umbo ni langu. Kuwako kwa kivuli kunahitaji mwanga, na mwanga si wangu. Mtu aliye katika giza totoro anao mwili uleule na hana kivuli. Ukimwambia mtu kwamba kivuli anachokiona ni chake mwenyewe, umemnyang'anya yule mtu wa mbele, na papo hapo umemwonyesha kwamba nyuma yake kuna taa.

Na tukifikiri vizuri, matumizi ya kivuli yenye heshima kubwa katika dini hayakuhusu mwili hata siku moja. Wakati wa adhuhuri huingia jua linapopinduka na kivuli cha fimbo iliyosimikwa kikaanza kurefuka upande wa pili. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huingia kivuli hicho kinapozidi urefu wa fimbo yenyewe, kikiisha kutolewa kile kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa. Mwadhini anayepima kivuli cha fimbo hatafuti kujua kama fimbo ipo. Anauliza habari za jua. Eratosthenes wa Alexandria, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alifanya vivyo hivyo: kutokana na pembe ya kivuli cha mchana, sehemu moja ya hamsini ya duara, alikadiria mzingo wa dunia nzima, na kijiti kilichotoa kivuli hicho hakikumshughulisha. Kurani nayo, katika aya ya 45 ya sura ya Al-Furqan, inapotaja jinsi kivuli kinavyotandazwa, inaliweka jua kuwa dalili yake. Mwelekeo umegeuzwa: jua ndilo linalokieleza kivuli, nasi tumezoea kukibeba kivuli kama ushahidi wa kitu kingine.

Ukirudi kwenye injini ya gemu utaona kwamba taa ndiyo isiyoonekana kwa haki. Taa ndani ya injini haina umbo. Fundi anaweza kuchora balbu akaiweka pale kwa ajili ya mapambo, au duara la jua angani, lakini michoro hiyo kwa kawaida haimuliki. Kinachomulika ni kanuni, yenye rangi na nguvu, na kwa taa inayoiga jua kuna mwelekeo tu: unaweza kuihamisha popote katika mandhari na hakuna kivuli kitakachobadilika, kwa sababu mahali pake hapana maana. Hakuna mchezaji aliyewahi kuiona. Hata hivyo kila alichowahi kukiona katika gemu nzima alikiona kwa sababu yake. Huku ni kutoonekana kwa namna nyingine kabisa na kule kwa mwili uliofutwa katika orodha. Mwili ule ungeweza kuonekana, umekatazwa. Taa hii haimo kabisa miongoni mwa vitu vya kuonwa.

Atakayesema kwamba taa nayo imeandikwa katika faili, pamoja na meza na viti, na kwamba kwa hiyo nimemhamisha Mungu kutoka kiti kimoja kwenda kingine, amesema kweli. Mfano unavuja hapa, na ungevuja tu popote. Kuna aliyeliona tundu hilo karne nane kabla ya kompyuta. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Mishkat al-Anwar, alieleza kwamba vitu hujulikana kwa vinyume vyake: lau jua lisingetua, watu wangedhani kuna rangi tu, wala wasingegundua kwamba juu ya rangi kuna kitu kingine kiitwacho nuru. Kutua kwa jua na kuanguka kwa vivuli ndiko kulikowafundisha. Lakini nuru ya Mungu, kwa hoja yake, haitui na haina mahali isipofika. Haina kivuli cha kuifichua, nayo imejificha kwa kule kudhihiri kwake kupita kiasi.

Mafundi wa gemu wanacho kitu kinachokaribia wazo hilo kuliko taa ile ya jua. Karibu kila mandhari hupewa kiasi cha mwanga wa jumla, usiotoka popote, unaoongezwa sawasawa kwenye kila uso. Mwanga huo hautoi kivuli, kwa kuwa hauna upande. Mchezaji hana njia yoyote ya kuutenga: atauhesabu kuwa ni rangi ya ukuta, weupe wa shati, uhai wa uso wa mtu. Ukiuzima, pembe zote ambazo jua halizifikii zinakuwa nyeusi tii, na hapo ndipo inapojulikana kwamba ulikuwapo. Sasa mwambie mchezaji aliye ndani ya gemu akuletee ushahidi wa mwanga huo kwa njia ya kivuli. Ametakiwa alete kitu ambacho, kama mwanga huo upo jinsi ulivyoelezwa, hakiwezi kupatikana. Kukikosa kwake hakusemi lolote dhidi ya mwanga huo.

Asiyeamini ana haki ya kuuliza, basi, kama Mungu asiyeacha athari ya pekee anatofautiana vipi na Mungu asiyekuwapo. Swali hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia, na jibu langu linamgharimu muumini. Tofauti haitapatikana katika kitu chochote kimoja ndani ya mandhari. Itakuwa tofauti ya kuwapo kwa mandhari yenyewe, ya kwamba kuna chochote cha kuonwa badala ya weusi mtupu, na mtu anaweza kwa akili timamu kusema kwamba jambo hilo halihitaji maelezo. Mwanafalsafa Bertrand Russell alisema hivyo redioni mwaka 1948, alipojadiliana na padri Frederick Copleston, na hakuwa akikwepa. Muumini atabaki kusema kwamba linahitaji. Wanaweza kuendelea kwa ustaarabu kutoka hapo. Lakini muumini aliyechagua mwanga wa Ghazali ameitoa mikononi mwake silaha aliyokuwa akiipenda. Hawezi tena kumtaja jirani yake aliyepona na kusema Mungu alikuwa hapa, akanyamaza kuhusu jirani aliyekufa wodi hiyohiyo. Mwanga usio na upande ulikuwa juu ya vitanda vyote viwili.